Daftari Moja, Wobulenzi

Mwanzo tuligawana kazi kama ndugu wanaogawana shamba la marehemu:
Lubwama akachukua sikio, mimi nikachukua mdomo.
Meza moja, juu ya duka la mbolea,
dirisha linatazama barabara ya Gulu,
na chini yetu malori yanapakia mananasi.

Kazi yenyewe ni simu. Mnunuzi apige kutoka Busia au Eldoret,
aulize kwa Kiswahili bei, ukubwa, siku ya kuvuna,
na mashine imjibu kabla salio halijakata.

Yeye akaandika daftari la kusikilizia,
pana, lenye matope ya njiani:
nanasi, nanas, yale matunda ya miba,
bei gani, ngapi hapo, unaachaje.
Mimi nikaandika la kusemea,
sanifu, kola imepigwa pasi.
Hatukuoneshana.

Siku ya kwanza ikamuuliza dereva, Barasa,
"Je, unahitaji shehena nzima?"
Barasa: "Ndiyo, shehena nzima."
Mashine: "Samahani. Sijaelewa neno *shehena*."

Lubwama alicheka mpaka akashika ukuta.
Mimi sikucheka. Neno lilikuwa langu.
Lilitoka kinywani, likapanda mnara, likashuka Busia,
likarudi kubisha hodi nyumbani,
na nyumbani wakauliza: nani wewe?

Basi tukayafumua madaftari, tukayashona moja.
Neno moja, mstari mmoja, maana moja,
lisomwe kutoka sauti kwenda maana
na kutoka maana kurudi sauti,
kama barabara hii hii: anayekwenda Kampala
na anayetoka Kampala wanakanyaga lami ileile.
Ila mlima ulioteremka asubuhi
jioni utaupanda.
Hilo hatukulipigia hesabu.

Maana wiki haikwisha, mdomo ukaanza kuokota ya sikio.
Ukamwita mteja "we bosi wangu".
Ukatangaza, kwa sauti ya mtangazaji wa habari,
"Mananasi zimeiva."

Lubwama akapendekeza alama, nukta nyekundu pembeni:
*sikia, usiseme.*
Tukaanza kupiga nukta. Mia moja. Mia tatu.
Ukurasa ukawa kama mtoto mwenye surua.

Senga Namuyomba ndiye hutuletea chakula.
Akauliza nukta ni za nini. Nikamweleza kwa Luganda:
haya ni maneno ambayo mashine inayajua yote,
lakini hayatatoka kinywani mwake.
Akaifunika sufuria, taratibu, kama anayefunika usingizi wa mtu.

Sijawahi kumsikia akitamka neno la Kiswahili.
Na redio ikitoa kichekesho, yeye hucheka kabla yangu.
Kiswahili chake alifundishwa usiku mmoja, hapa hapa Luweero,
na watu waliovaa buti:
*fungua. toka. lala chini.*
Mwaka wa themanini na tatu. Shule fupi. Hajasahau somo.

Lubwama, asiyejua, akabonyeza kitufe.
"Mananasi zimeiva," ikasema mashine.
Senga, mgongo umetugeukia, anapakua matooke:
"Awo mukyamu." Hapo mmekosea.
Lubwama akageuka. "Basi isemeje, Senga?"

Kimya. Lori likapiga honi chini.
Akajifuta vidole kwenye gomesi,
akachukua kalamu yangu bila kuomba,
akainama juu ya daftari,
akakata *zi*,
akaandika *ya*.
Herufi za msichana wa darasa la sita, zimesimama wima.
Kisha akatuuliza kama tunataka mchuzi wa karanga.

Tumekaa na mstari ule mpaka leo.
Lubwama anasema uingie kwenye sikio, kwa kuwa alisikia.
Mimi nasema mdomo, kwa kuwa alijibu.
Daftari ni moja, na alama tunayo moja tu,
ya wino mwekundu,
nayo si yake.